Msiezeke mpaka nije

Tranka la mdogo wangu, aliyekuwa mwanajeshi, liko chini ya kitanda cha mama, hapa Ujiji, tangu mwaka 2015. Ni la bati, rangi ya kijani imebanduka pembeni, na kufuli lilikuja limekatwa. Ndani mna suruali mbili zilizokunjwa vizuri kuliko alivyokuwa akikunja yeye, brashi ya viatu, kandambili za bluu, redio ndogo isiyo na betri, chupa ya mawese niliyompelekea kwa mkono wa mtu na ambayo hakuifungua, na daftari moja la shule. Simu yake haikuja.

Daftari limejaa madeni ya wenzake: nani kakopa elfu tano, nani kalipa nusu, nani anadaiwa sabuni. Ukurasa wa mwisho ulioandikwa ni huu: bati geji 28, thelathini na mbili. Kofia 8. Misumari ya bati kilo 4. Mlango wa mama.

Tulikuwa tunamjengea mama chumba na sebule nyuma ya nyumba ya zamani. Kuta zilikuwa zimesimama, zimebaki kuezekwa. Jumapili usiku alipiga simu, akaongea na mama, kisha akaniomba mimi. Neno lake la mwisho lilikuwa la kuamrisha, ingawa mimi ndiye mkubwa: "Dada, msiezeke mpaka nije. Nitapanda juu mwenyewe." Alhamisi wakaja watu wawili kwa mwenyekiti wa mtaa, na mwenyekiti akawaleta kwetu akiwa ameshika kofia mkononi.

Sitaitaja kambi, wala mkoa, wala cheo cha mtu yeyote. Ninachotafuta ni karatasi, na mpaka karatasi iseme, sina haki ya kubandika jina la mtu hapa. Wala sisemi mdogo wangu aliuawa. Nasema hatujaonyeshwa alivyokufa.

Wale watu walikuwa na adabu. Walikaa mkekani pamoja na baba, wakatoa pole, wakasema amejidhuru. Ndilo neno walilotumia, amejidhuru, kwa silaha ya kazi, akiwa zamu ya usiku. Mwili ulifika Ijumaa alasiri ndani ya sanduku, na tukashauriwa tuzike kabla ya magharibi kwa kuwa safari ilikuwa ndefu na joto lilikuwa kali. Baba akatia saini karatasi juu ya boneti ya gari. Kalamu ilikuwa yao, karatasi ikarudi nao. Hakuna hata mmoja wetu aliyesoma imeandikwa nini.

Walisema pia kwamba ameshaoshwa. Mzee wetu wa kuosha maiti, yeye aliyewaosha babu zangu wote wawili, akawajibu kwamba kwao ameshaoshwa, kwetu bado. Tukafunga pazia la vitenge uani. Alikaa mle ndani muda mrefu kuliko kawaida yake. Alipotoka alisema tu, "Kijana yuko tayari," akanawa mikono mpaka viwikoni, akaenda zake bila kugusa chakula.

Anayeishi mahali kama petu anajua neno lile linavyofanya kazi. Mtu akifa kwa maji, au kwa pikipiki, au kwa homa, nyumba inajaa mpaka watu wanakaa barabarani. Ukisema amejiua, watu wanakuja wakiwa wameshika vinywa. Imamu wetu alimswalia, Mungu amlipe kheri, maana wapo waliomnong'oneza asimswalie. Lakini siku ya arobaini sahani za pilau zilirudi jikoni zimejaa. Mama aliacha kwenda madrasa ya kina mama. Baba akawa haruhusu jina la mwanawe litajwe wakati wa kula, na alifariki mwaka 2019 bila kulitaja tena mbele yangu. Nilidhani ni hasira. Sasa naamini alikuwa akikumbuka ile boneti.

Ndiyo maana nasema neno lile lilikuwa kufuli. Mwenye msiba wa aina hiyo hadai cheti, haombi ripoti ya daktari, haulizi silaha ilitoka ghalani saa ngapi. Anaona haya hata kuuliza. Kama kulikuwa na mtu huko anayetaka tusiulize, na narudia kama, hakuwa na haja ya kututisha. Aibu yetu ilimfanyia kazi bure kwa miaka tisa.

Desemba 2017 wanajeshi wetu 15 waliuawa Semuliki, upande wa Beni, Kivu Kaskazini, wakilinda amani chini ya Umoja wa Mataifa. Kutoka hapa Ujiji, Kongo ni milima ile unayoiona ng'ambo ya ziwa jioni ikiwa na hewa safi, kwa hiyo msiba ule ulitugusa kama wa jirani. Tulitazama majeneza yakiagwa kwenye televisheni ya dukani, yamefunikwa bendera. Baadaye tukasikia kwamba Umoja wa Mataifa umeunda timu ichunguze kilichotokea usiku ule. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu na kanga mdomoni. Akasema, "Wenzetu wameambiwa." Sikumjibu. Nilikwenda nje nikajifanya naanua nguo.

Mtu aliyenifungua macho ni msichana mmoja ambaye hakuwahi kufika Kigoma. Anaitwa LaVena Johnson.

Mwanangu wa kike anasoma chuo, na mwaka juzi alikuja likizo akanikuta Kibirizi, nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nikisubiri mitumbwi. Mimi ni mchuuzi wa dagaa. Akanisomea kwenye simu, akinitafsiria, na mitumbwi ikafika wenzangu wakanunua mimi nikiwa bado nimekaa. LaVena alikuwa mwanajeshi wa Marekani, kwao ni Florissant, karibu na jiji la St. Louis, jimbo la Missouri. Alikufa tarehe 19 Julai 2005 kwenye kambi ya Balad, Iraq. Alikuwa na miaka 19, zimebaki siku nane afikishe 20. Jeshi lilisema alijipiga risasi kwa bunduki yake ya M16.

Siku mbili kabla alikuwa ameongea na mama yake kwenye simu, akamwambia atakuwa nyumbani Krismasi na wasiupambe mti mpaka afike. Mwanangu alipofika hapo nilimshika mkono nikamwambia arudie. Akarudia. Wasiupambe mti mpaka afike.

Najua mtu anaweza kuagiza bati asubuhi na usiku akachoka na dunia. Wapo watu wema waliokwenda hivyo, na ndugu zao hawana kosa, na wao wenyewe wanastahili kuombewa kuliko kusengenywa. Simu ya Krismasi haithibitishi kitu, wala daftari la misumari halithibitishi. Ila vinampa mtu haki ya kuuliza swali la pili.

Baba yake LaVena, John Johnson, aliuliza. Mwili ulipofika aliutazama. Kwenye nyumba ya mazishi akaona jeraha haliendani na maelezo aliyopewa, akaona uso wa mwanawe umeumia. Yeye na mkewe Linda wakaanza kuomba nyaraka kwa kutumia sheria ya Marekani ya mwaka 1966 inayomruhusu raia kuomba kumbukumbu za serikali. Mwanzoni walipewa nakala za picha zilizofifia, nyeusi na nyeupe. Hawakuridhika. Wakamshika mbunge wa eneo lao, William Lacy Clay, akasaidia kusukuma, wakapata picha zenye rangi. Humo, familia inasema, ndimo walimoona pua iliyovunjika, meno yaliyolegea na alama za kuungua, mambo ambayo neno kujiua haliyaelezi. Wakafikia hatua ya kuufukua mwili wa mtoto wao ili upimwe upya. Watu wasiowajua wakaanza kutia saini maombi kwenye intaneti, maelfu, kulitaka Bunge lao lichunguze.

Jeshi limeshikilia jibu lake kwamba alijiua. Familia haikupata ilichokitaka. Hilo mwanangu alinieleza mapema, akiogopa nisije nikajenga tumaini juu ya mchanga. Lakini mimi sikuliona jibu. Niliyemwona ni baba aliyeomba picha, akapewa mbaya, akasema hizi hazionekani, nipeni nyingine. Usiku ule sikulala. Nilikuwa na miaka 44 na sijawahi kumwomba mtu yeyote wa ofisini anipe kitu mara ya pili.

Baada ya hapo nikawa nasoma kila nilichoweza. Mary Tillman, ambaye mwanawe Pat aliuawa Afghanistan tarehe 22 Aprili 2004, aliambiwa kwanza kwamba ni risasi za adui, na wiki kadhaa baada ya mazishi ndipo ikaelezwa kwamba ni risasi za wenzake. Mama huyo alikaa chini akapitia maelfu ya kurasa za faili, nyingi zikiwa na majina yaliyofutwa kwa wino mweusi. Na dada zake Vanessa Guillén, askari wa miaka 20 aliyepotea kwenye kambi ya Fort Hood, Texas, Aprili 2020, walisimama getini na mabango mpaka nchi nzima ikajua jina lake. Mabaki yake yalipatikana mwishoni mwa Juni mwaka ule. Mwezi Desemba viongozi na askari 14 wa kambi ile wakaondolewa au kusimamishwa kazi, na mwaka uliofuata sheria ikabadilishwa, uamuzi wa kushtaki makosa makubwa kama ya udhalilishaji wa kingono ukatolewa mikononi mwa makamanda wa vikosi. Dada wawili ndio walioanza. Mmoja wao, Lupe, alikuwa bado kijana wa shule.

Basi, mwaka 2024 serikali ilifunga uvuvi Ziwa Tanganyika, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wazaliane. Kwetu sisi wa Kibirizi ilikuwa miezi mitatu ya chanja tupu. Kawaida tunapumzika wakati wa mbalamwezi tu, maana taa za wavuvi haziwavuti dagaa mwezi ukiwa mkubwa. Safari hii ilikuwa kila usiku, mbalamwezi na giza. Wanawake wa kikoba chetu, tuko 22, tulikuwa na muda kuliko fedha. Jumamosi moja chini ya mwembe, baada ya kuhesabu hisa, nikasimama nikasema nina jambo. Nikalisema lile neno kwa sauti, mbele ya watu, kwa mara ya kwanza tangu 2015: Tuliambiwa mdogo wangu amejiua.

Hakuna aliyepumua. Halafu katibu wetu, mama mmoja mtu mzima anayeuza mawese, akasema, "Na mimi wa kwangu waliniambia hivyo hivyo, sema alikuwa mlinzi wa usiku, hakuwa mwanajeshi." Nimemjua yule mama tangu niko mwali. Nilikaa naye kwenye msiba ule nikiamini kijana alianguka.

Barua ya kwanza niliiandika kwa hasira, kurasa nne. Kijana mmoja msaidizi wa kisheria, wale wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, aliisoma mpaka mwisho, akaikunja, akanirudishia. Akasema, "Mama, hapa umewatukana. Hukuwaomba kitu." Nilikasirika, nikaondoka bila kuaga. Kesho yake nikarudi na muhogo.

Alinifundisha mambo ambayo ningependa kila mwenye msiba ayajue, kwa hiyo nayaandika kwa lugha yangu. Ibara ya 14 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kuishi, na ibara ya 18 inampa haki ya kupewa taarifa juu ya mambo muhimu kwa maisha yake. Ipo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016: raia anaandika, ofisi inatakiwa imjibu ndani ya siku 30, na ikimnyima imweleze sababu. Yako mambo ya usalama wa taifa ambayo sheria hiyo inayazuia, na mimi sina shida nayo. Sihitaji kujua kambi ina bunduki ngapi. Ipo pia Sheria ya Uchunguzi wa Vifo, inayompa hakimu kazi ya korona, yaani mchunguzi wa vifo, pale kifo kinapokuwa cha kutatanisha. Na ipo Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2001, ambayo hupokea malalamiko bila malipo. Nilikuwa nimeishi na haki zote hizo kama mtu anayelalia godoro lenye fedha ndani.

Barua ya pili ilikuwa ukurasa mmoja wenye maswali matano. Nani alimkuta, na saa ngapi. Silaha iliandikwa kwa jina la nani kwenye daftari la ghala usiku ule. Daktari gani aliupima mwili, na aliandika nini. Simu yake iko wapi. Na karatasi aliyotia saini baba yetu inasema nini. Chini yake yakafuata majina ya ndugu na majirani wanaounga mkono ombi. Siku ya kwanza walitia saini 17. Wasiojua kuandika walibonyeza kidole kwenye kidau cha muhuri nilichoazima kwa fundi picha. Tulifika 61.

Wapo waliokataa na siwalaumu. Mwenyekiti wa mtaa alisoma, akasifu mwandiko, akasema atatia saini Jumatatu. Jumatatu alikuwa amesafiri. Baba mdogo alikuja nyumbani usiku akanikalisha. "Unafukua kaburi la mtoto," aliniambia. "Kazi ya Mungu haina makosa." Nikamjibu kwamba Mungu simuulizi kitu, ninawauliza watu. Hakunywa chai. Tangu siku ile tunasalimiana msikitini tu, na hilo linaniuma, maana ndiye aliyenilipia ada darasa la saba baba alipokuwa mgonjwa.

Barua niliipeleka kwa mkono. Nawaomba sana, ukipeleka barua ofisini usiiache mezani kwa mtu. Nenda masijala, wape daftari lako la dispachi wasaini, na nakala yako ipigwe muhuri wenye tarehe. Dada wa masijala aliniuliza dispachi ya ofisi gani. Nikamwambia ya kikoba. Alinitazama, akasaini. Nakala nyingine ikaenda kwa Tume.

Siku 30 zikapita. Siku ya 41 likaja jibu la mistari mitatu, kwamba barua imepokelewa na suala linafanyiwa kazi. Katibu alitaka tulichane. Mimi nililiwekea plastiki. Ndiyo karatasi ya kwanza ya maandishi ambayo familia yetu imewahi kupewa juu ya kifo kile, na ina kumbukumbu namba, na kumbukumbu namba maana yake kuna faili.

Sasa nirudi kwa mzee muosha.

Alikuwa amehamia Tabora, kwa binti yake, mtaa wa Ng'ambo. Habari ya barua ilimfikia kwa njia ya watu wa treni, akanitumia salamu: mwambie aje, ajue mimi naondoka. Nikapanda treni. Kigoma hadi Tabora ni zaidi ya kilomita 400 za reli, Kazuramimba, Uvinza, Malagarasi, Nguruka, Kaliua, Urambo, na usiku ule ilikuwa inasimama hata pasipokuwa na stesheni. Nilikuwa na kikapu cha migebuka ya kukausha na moyo unaogonga.

Nilimkuta amelala kitanda cha kamba barazani, amekuwa mdogo kama mtoto. Tulikula kwanza, alinilazimisha. Halafu akamwambia binti yake atuache.

"Mwanangu, sisi tunafundishwa kusitiri," alianza. "Anayeosha maiti akiona aibu, aifunike. Nimefunika ya watu wengi. Ya mdogo wako niliifunika pamoja na zingine, na ndiyo peke yake inayonirudia usiku."

Alichokiona ni hiki. Jeraha la kifua lilikuwepo, kama tulivyoambiwa. Lakini kwenye vifundo vya mikono, yote miwili, kulikuwa na alama iliyozunguka, upana wa kidole, kama mtu aliyevaa bangili ya kubana. Nilimuuliza kama huenda walimfunga mikono baada ya kufa ili itulie kwenye sanduku. Nililiuliza hilo nikitamani aseme ndiyo. Alitikisa kichwa. "Mimi si daktari. Lakini nimeosha watu tangu sijaoa. Maiti ukiifunga haivilii damu. Ile ngozi ilikuwa imevilia."

Nililia sana. Yeye hakulia, alikuwa amemaliza zamani. Akaniuliza kama amefanya dhambi kwa kunyamaza, na kama sasa anafanya nyingine kwa kusema. Nikamwambia nilishamuuliza sheikh wetu kabla ya kusafiri, naye alinijibu kwamba kinachositiriwa ni aibu ya maiti, na dhuluma aliyofanyiwa mtu haiwi aibu yake. Mzee akanitaka nirudie maneno hayo mara mbili. Akafumba macho. Nikadhani amelala, kumbe anayaweka.

Kesho yake tulimbeba kwa bajaji mpaka kwa wakili, akaapa, ikaandikwa hati ya kiapo. Gharama ilitoka kwenye mfuko wa jamii wa kikoba, ule tunaouwekea mia tano mia tano kwa ajili ya ugonjwa na msiba. Wenzangu waliamua kwa kauli moja kwamba huu ni msiba, umechelewa tu. Mzee aliweka kidole, akautazama wino, akaomba maji. Akanawa kama alivyonawa siku ile uani kwetu, mpaka viwikoni.

Alifariki miezi minne baadaye. Sikuwahi mazishi.

Hati yake ya kiapo sasa imeambatanishwa na barua ya tatu, ile ya kuomba korona, ambayo wakili mmoja ametusaidia bila malipo kuiandaa. Ina muhuri na ina tarehe. Haijajibiwa. Nimeambiwa kwamba miaka imepita mingi, kwamba mashahidi wamehama, kwamba daftari za zamani huliwa na mchwa. Inawezekana. Ikiwa zimeliwa, naomba niandikiwe kwamba zimeliwa, na nani alikuwa akizitunza.

Kama ulikuwa na mdogo wangu mwaka ule na unasoma hapa, utamjua kwa daftari la madeni na kwa jinsi alivyokuwa akiimba akichota maji. Sihitaji jina lako leo. Nitafute kwa kikoba cha wauza dagaa Kibirizi, ukiuliza dada wa barua watakuonyesha.

Nyumba ya mama haijaezekwa. Mwaka 2016 kaka yetu mkubwa alileta mbao, mama akazizuia mlangoni. Alisema mwenye nyumba alituambia tumsubiri. Tukafunika kuta kwa turubai, turubai likachanika, tofali za juu zikalainika kwa mvua, safu mbili zimeanguka upande wa magharibi. Watu wakipita hudhani tuliishiwa fedha.

Niliporudi kutoka Tabora nilimsomea mama ile hati yote, polepole, nikiruka sehemu ya kifua. Akasema nisiruke. Nikasoma. Alikaa kimya mpaka adhana ya isha ikaisha, akaswali, akakunja mswala wake. Kisha akaniita kutoka chumbani, akiwa ameinama anavuta tranka kutoka uvunguni.

"Lete miwani yako," akasema. "Nisomee aliandika bati ngapi. Na kesho ukipita Mwanga, uniulizie geji 28 siku hizi ni bei gani."